Mahali pa Mwape Kwenye Kilio

Mjukuu wangu Mwape,

Pole, mwanangu. Hapa kambini Mantapala tuko wengi, na chakula kipo. Mwili wa baba yako umerudishwa kutoka Kashikishi. Ya ziwa lililomchukua sitayasema. Dada yako Kabibi anakuandikia haya kwa simu. Unauliza kama kesho, kwenye kilio, utaketi nje na wanaume.

Mama yetu alipokufa kule Pweto, mimi na mdogo wangu Ilunga tulikuwa ndani, kwenye mkeka, tukimlilia. Mjomba akasimama mlangoni.

"Ilunga, toka mu nyumba ya bamama! Uko mwanaume."

Alikuwa na miaka minane. Huko nje walimpa kazi ya kuchochea moto, wakamsifu: "Muangalie, hata chozi moja!" Naye akacheka pamoja nao.

Sasa ni mzee. Tangu siku ile hajataja jina la mama, na watoto wake wanamwogopa. Waliomtoa hawakuwa wabaya, walidhani wanamjenga.

Nimewaambia wazee kwamba wewe utaingia. Wamenung'unika. Ilunga alikuwapo, alitazama chini tu. Basi ukifika, pita katikati ya wanaume bila kusimama. Nitakuwa ndani, upande wa kichwa cha baba yako. Njoo tumlilie pamoja.

Kambo yako, bibi yako