Mitaro ya Baba

Suomussalmi, Oktoba

Kwa kaka yangu mpendwa Ilpo,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini hujambo, na kwamba wifi Raija na watoto nao wanaendelea vizuri. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia. Ningepiga simu, ila ningelia tu usinisikie neno.

Unajua kiangazi chote nimekuwa nikipima udongo katika misitu ya misonobari iliyopandwa kwenye vinamasi vilivyokaushwa. Msitu wetu nao umo. Baba mwenyewe ndiye aliyetaka uwemo. Kila nilipofunika ardhi kwa vikopo vyangu vya kunasa hewa itokayo udongoni, alinijia na birika la kahawa akinitania, “Haya daktari, mgonjwa bado anapumua?”

Tabu ni kwamba anapumua kupita kiasi. Tangu maji yatolewe, mboji iliyolala chini yake tangu enzi za mababu inaoza na kupotelea hewani, ikawa gesi ya kuzidisha joto duniani. Ardhi imenywea hata mizizi iko nje, inamkwaza mtu. Misonobari inakua, ndiyo, lakini udongo unapoteza kaboni nyingi kuliko ile miti inayoweka. Dawa tunayoijua ni kuziba mitaro. Maji yakirudi, miti mingi itakufa.

Na mitaro ile, kaka, Baba na Mama waliichimba kwa sepetu. Walisifiwa kwamba wanageuza kinamasi kuwa mali. Msitu ule ndio uliotusomesha.

Sikukusudia kumwambia. Lakini tulipokuwa tunatoka kuoga mvuke kwenye sauna aliniuliza, “Udongo wangu unasemaje?” Nikazungukazunguka. Akanikatiza, “Sirkka, meno ninayo bado, usinitafunie.” Nikamweleza yote. Hakukasirika. Alikwenda kulala bila kugusa chakula.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Jumanne asubuhi sikumkuta kitandani. Nilimkuta ndani ya mtaro mkubwa, maji ya baridi kali yanamfika mapajani, anashindilia magogo na mboji. Mzee wa umri ule! Nikamlilia atoke. Akanijibu huku meno yakigongana, “Nilipofungua sikumwomba mtu ruhusa. Kufunga pia nitafunga mwenyewe.”

Yuko hospitali Kajaani, homa ya mapafu imemshika vibaya. Madaktari hawaniambii la kunipa moyo, wala la kunivunja.

Anakuulizia wewe. Anataka tumalize kazi, mimi na wewe, naye angali hai aambiwe imekwisha. Jana nilikwenda mtaroni. Maji yameshaifikia misonobari ya ukingoni, ile aliyoipanda Mama. Nilisimama pale weee, kisha nikarudi na sepetu kavu. Mimi, Ilpo, ninayezunguka vijijini kuwashauri wenzangu wazibe mitaro yao! Peke yangu siwezi.

Njoo kabla ardhi haijaganda. Hata kama utakuja kunipinga, njoo tupingane tukiwa wawili.

Wasalimie sana Raija na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ni mimi dada yako,
Sirkka