Tundu alilotoboa Martha

Mayige mwanangu,

Ugali umo kwenye sufuria, umefunikwa. Ndama hajanywa maji.

Nampeleka Kija hospitali Bariadi, lori la wanunuzi wa pamba linatungoja barabarani. Ulipotoka kwenda Ngulyati niliwasha jiko, moshi ukagoma kupanda, ukajaa ndani. Mtoto kakohoa mpaka midomo imebadilika rangi. Kutazama juu ya jiko, tundu la moshi limezibwa gunia na udongo! Nikajua ni wewe, unaogopa wezi wasichungulie pamba uliyoilaza jikoni kungoja mnunuzi wa bei nzuri.

Baba, tundu lile alilitoboa marehemu mkeo Martha akiwa na mimba ya Kija. Aliniambia, "Mayu, mama yangu, mwanangu hatalia kwa moshi." Wewe ukamcheka, eti anawafungulia popo mlango. Hakuishi hata kumnyonyesha. Tundu hilo ndilo alilomwachia.

Lizibue leo. Pamba ihamishie chumbani kwangu, mimi nitalala popote. Ukiwasha moto, kile kigae kinachofunika mdomo wa chini wa jiko kiondoe chote, kuni zipate hewa. Chungu kikichemka, rudisha kigae nusu. Usizibe kabisa, kuni bado mbichi.

~~Usitufuate.~~ Njoo, ulete na blanketi lake. Sasa hivi kaniuliza, "Bibi, baba atakasirika nikikohoa?" Njoo umjibu mwenyewe.

Mimi mama yako,
Bibi Kija