Ovaroli ya Baba Haijakauka

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa jiografia ametundika ramani ya dunia. Kila kitone cheusi ni kituo cha umeme wa makaa ya mawe. Vingi mno! Akauliza nani amewahi kuona kimoja. Darasa zima likacheka — bomba la moshi la kituo chetu si lile pale dirishani? Nikasema baba yangu ndiye anayelisha boila makaa. Nilijisikia mkubwa.

Jumatano, 13 Machi
Kituo kinafungwa. Baba amesema akiwa bado mlangoni, viatu mkononi. Mama akauliza, kwa matengenezo? "Kinafungwa, mama watoto. Basi."
Daktari alisema moshi ndio unaomkohoza mdogo wangu. Nikafurahi kwa ajili yake. Halafu nikaona haya — Baba alikuwa anakula huku ameukodolea macho ukuta.

Jumapili, 24 Machi
Bomba halitoi kitu. Siku zote Mama hulitazama kabla ya kuanika: moshi ukija kwetu, nguo hukaa ndani. Leo ametoka na beseni, akatazama juu, akaganda. Baba akamtania: "Anika tu, bibie. Majivu yamestaafu!" Mama akacheka. Kisha akajifuta macho kwa shuka lililolowa.
Mdogo wangu amelala bila kukohoa.

Alhamisi, 4 Aprili
Baba amepata kazi. Kituo kipya cha makaa, nchi ya mbali, miaka miwili! Nimekitafuta kwenye ramani. Hakimo, bado hawajakichora.
Nimemwuliza, huko hakuna watoto wanaokohoa? Akasema nitakuwa wakili. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi najua moto tu."
Labda atabadili mawazo. Labda.

Jumamosi, 13 Aprili
Gari la kampuni linamchukua asubuhi hii. Baba husema fundi haripoti kazini bila ovaroli yake. Kwa hiyo alfajiri nimeitoa kwenye begi, nikaitumbukiza kwenye maji. Nikaisugua hasa — nikiulizwa, nilikuwa nafua.
Mama akaona. "Huyu naye!"
Baba hakunigombeza. Akanipa miguu ya ovaroli, yeye akashika mabega. "Haya, wewe kulia, mimi kushoto." Maji meusi yakachuruzika. Mimi nilishika tu, sikukamua. "Mkono wako leo mzito, binti yangu," akasema. Anajua.
Sasa iko kambani, naiona kutoka dirishani. Dereva amepiga honi. Baba amekwenda kumwomba angoje kidogo, nguo ishike jua. Na jua limewaka, wala hakuna wingu!
Mama ametoka. Leo hakutazama juu kabisa. Ameangalia barabarani, aliko Baba. Ameianua ovaroli. Anaipeleka nyuma ya nyumba — kivulini —