Fundi Aliyekataa Kupaka Chumba cha Jeni

Jumamosi, Kibondo. Mvua imekatika tangu saa nne, ila moyo wangu haujatulia.

Nimekaa, nimesimama, nimefagia uwanja mara mbili. Yote ni kwa ajili ya ukuta mmoja wa chumba anacholala mwanangu Jeni. Umeota ukungu mweusi, na mtoto anakohoa wiki ya pili. Zahanati wamesema nimtoe kwenye unyevu. Sasa tumebanana sebuleni kwenye godoro moja, na mimi usingizi sipati.

Nataka kile chumba kipakwe rangi. Tena haraka.

Juzi shemeji yangu aliniletea rafiki yake, Fundi Dani. Ana maneno huyo! "Mama Jeni, kesho jioni mtoto analala kwenye rangi ya maziwa!" Nilitaka kumkubalia palepale. Nikamwomba tu anipeleke kwenye nyumba aliyoipaka kabla ya mvua za mwaka jana. Akatoa simu, picha nzuri nzuri. Nikamwambia picha hazinyeshewi. Dani akacheka: "Mama Jeni, unanipa kazi au unanichumbia?"

Hakunipeleka.

Leo amekuja Mama Shukuru, fundi rangi wa Murungu niliyemwita mwenyewe, ngazi kaifunga kwenye baiskeli. "Mwakeye," akanisalimu, akaingia chumbani. Akaweka kiganja ukutani, akakwangua lipu kwa kisu. Kisha akanizungusha nje, akanionyesha maji ya bati yanavyomwagikia ukuta uleule.

"Sipaki," akasema. "Huu bado unakunywa maji. Weka mfereji kwenye bati, uache wiki tatu, ndipo uniite."

"Wiki tatu! Mtoto anakohoa, mama."

"Ndiyo maana sipaki, mwanangu. Nenda kwa mwalimu pale nyuma ya soko, nilimpakia mwaka jana. Kashike mwenyewe."

Nilikasirika. Nakiri, hata maji ya kunywa sikumpa.

Lakini nilimbeba Jeni mgongoni, nikaenda. Nikashika ukuta wa mwalimu kuanzia chini, nyuma ya kabati, hadi mkono ulipofika. Mkavu. Mwalimu mwenyewe akanishangaa.

Nimemwandikia Dani kwamba kazi hii sitampa. Shemeji ameshapiga simu mara tatu, nimeiangalia tu ikilia. Najua atasema nimemwaibisha kwa rafiki yake. Ni mtu mwema, mtoto alipougua ndiye aliyetukimbiza zahanati kwa pikipiki. Naogopa kumuumiza.

Ila kifua ni cha mwanangu.

Na wiki tatu hizi nitaziweza kweli?

Anapiga tena.

Napokea.