Ti Waachie Sauti ya Pili

Shelui, 2 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo wewe na Mama? Goti lake limepata nafuu? Mimi ni mzima, ualimu unaendelea, na honi za malori nimeshazizoea.

Baba, kwaya yetu itaimba wimbo wako kwenye jubilei ya parokia, na gitaa la besi napiga mimi! Ila nimeharibu. Pale mwisho, kabla ya kurudi do, uliandika so ya saba, noti kadhaa zinazolia pamoja. Nikaona niipambe kwa kuongeza noti ya tisa, yaani la, nikapiga so, ti, fa na la, nyuzi zote nne kwa mpigo. Chumbani kwangu ilikuwa tamu. Kanisani iliunguruma kama lori linalopanda mlima wa Sekenke, waimbaji wakapotea. Mwalimu wa kwaya, Laurian, amesema nikirudia, gitaa anapewa mwingine. Nimelia, Baba. Najua hujawahi kushika gitaa, lakini nimuulize nani?

Binti yako,
Agripina

Kintinku, 9 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima. Goti la mama yako linauma akitumwa tu. Akialikwa harusini linapona.

Kwanza nilikasirika. Wimbo nimeutunga mimi, nani kakutuma kuongeza? Halafu nikaiimba hiyo la yako zizini, nikairudia mara tatu. Inafaa, mtundu wewe.

Kosa lako ni kupiga kana kwamba uko peke yako. Ti tayari wanayo sauti ya pili, waachie. So ipige kwanza, chini, ikae. Kisha fa na la kwenye nyuzi nyembamba, polepole. Una watu arobaini nyuma yako. Mwombe Laurian akusikilize mara moja tu. Usimbembeleze, piga.

Baba yako

Shelui, 23 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Amekubali! Alisema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu nikagundua anataka tu kusikia. Jubilei ni tarehe 30. Najua mnapura alizeti, hutaweza kuja. Nisalimie Mama.

Binti yako

Kintinku, 3 Julai 2024

Binti yangu,

U mzima? Sisi wazima. Alizeti bado iko vilevile, kwa sababu Jumapili nilikuwa Shelui, benchi la mwisho.

So ikatulia, fa na la zikapanda, sauti ya pili wakaingia na ti yao, kanisa likajaa. Mzee wa kando yangu akaninong'oneza, "Huyo binti wa besi ni wa nani?" Nikajibu kwa sauti, misa ikiendelea, "Wangu!" Watu wakageuka. Sikuona aibu hata kidogo.

Nisamehe sikukuaga. Machozi yalikataa kukauka, na sikutaka wanakwaya wako wanione hivyo.

Jana nilitoa karatasi ya wimbo, nikaandika la mahali pake kwa wino. Juu, palipoandikwa mtunzi, jina langu limekaa peke yake miaka ishirini na sita. Sasa yapo majina mawili, langu na lako. Najivunia wewe, Agripina.

Baba yako na mtunzi mwenzako,
Emilian