Siku Ramazani Aliponyamaza

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ujiji tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, ameanza tena kwenda Katonga kununua dagaa.

Umesema huko Morogoro unakojifunza kupogoa miti mnavaa kofia na mikanda, ukauliza sisi tuliokuwa tunapanda na kamba tu, nani alitulinda.

Alikuwa Ramazani. Mimi nilikuwa wa juu, yeye wa chini, mshika kamba. Kabla ya kukata tawi niliita, "Upo?" Akiitika "Nipo," nakata. Upepo wa ziwa ulikuwa unameza maneno, kwa hiyo tulikubaliana kwamba sauti yoyote ni ruhusa, na kimya maana yake subiri.

Siku moja pale Bangwe nilikuwa juu ya mvule ulioegemea paa la watu. Nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya. Nikainama nimtukane, ndipo nikaona kamba yangu ya kiunoni imezunguka tawi lile lile nililotaka kukata. Lingeanguka na mimi. Yeye alishaliona kutoka chini, akajikaza asitoe hata kikohozi.

Hadi leo namshukuru Mungu kwa kimya kile. Kofia vaa, mjukuu wangu, ila mtafute na Ramazani wako.

Leo asubuhi amepita barazani na mkongojo wake, akaita, "Upo?" Nikanyamaza makusudi. Mzee mzima akatupa mkongojo, akaingia ndani mbio.

Babu yako