Uzee Ulioulipia Kwenu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila kukuamkia nitakuota umesimama mlangoni ukiniuliza kama nililelewa na ng'ombe. Hapa Ruiru nikimwamkia mtu mzima hivyo ananiangalia kama nimemwomba pesa. Basi nimeacha. Nasema "habari" kama wengine na maisha yanaendelea.

Ninakuandikia kutoka hapa mtaani Kimbo, kwenye ile nyumba yangu ya chumba kimoja uliyokataa kulala kwa sababu mlango unatazamana na choo cha jirani. Leo ni Jumapili. Nimeoga, nimejipaka mafuta, nimefunga kilemba, halafu nikakaa kitandani na mkoba mapajani. Jumapili zote nilikuwa nakuja kwako Thika. Sasa mwili unaamka wenyewe ukitaka safari, na safari haipo. Nina upweke, Mama. Nausema hivyo hivyo kwa sababu hukupenda watu wa kuzungukazunguka.

Huku mambo yamebadilika. Zile mvua za El Nino ulizoziona zikianza zilipokwisha, watu walianza kujenga kama waliofunguliwa kamba. Palipokuwa na kahawa pana mabati. Bado niko pale pale kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari na simenti kwa watu wa Kimbo na Mugutha, na kila mmoja ananieleza vyumba vyake vitakaa vipi. Tata Wambui, dada yake Baba, amemaliza nyumba yake ya mawe kule Mugutha na sasa anavua viatu mlangoni mwake mwenyewe. Chumba chako cha Majengo, Thika, wamekipanga mume na mke wenye mtoto mchanga. Nilipita siku moja. Yule mke akatoka akaniuliza kwa upole ninamtafuta nani, nikamwambia nimepotea.

Makande siku hizi napika kidogo sana, na bado yanabaki. Unakumbuka ulivyogombana na Tata Wambui, yeye akisema ni githeri na wewe ukisema ni makande, sufuria ni moja na mahindi ni yale yale? Mlibishana mpaka yakapoa. Jirani yangu alinisikia nikiita makande akacheka, nami nikaona vibaya kama nimetukanwa. Hakuna tena mtu wa kunisahihisha nikisema "kitu ingine". Nilidhani nitafurahi.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ni ule mchango wako.

Nilikuwa bado msichana wa shule uliponieleza mara ya kwanza. Ulikuwa umefanya kazi kwenye zahanati ya shamba la mkonge karibu na Moshi, kabla Baba hajatumwa kule kutengeneza mashine na kukutengenezea maneno matamu. Wafanyakazi wote mliandikishwa kwenye mfuko wa serikali wa uzeeni. Ulipoolewa ukahamia Thika, kazi iliisha lakini jina likabaki, na sheria ya kwenu, ng'ambo ya mpaka, ilimruhusu mwanachama aliyeacha kazi aendelee kujilipia mwenyewe, kwa hiari, hata akiwa nje ya nchi, mpaka miaka inayotakiwa itimie. Ikitimia naye akiwa na umri, analipwa kila mwezi mpaka kufa. Isipotimia, anarudishiwa vyake na kuagwa. Miaka ile mpaka wa nchi hizi mbili ulipokuwa umefungwa hukuweza kutuma kitu, na pengo hilo lilikuuma kama jino bovu. Mpaka huo ulipofunguliwa tena, ukaanza kuliziba kwa pesa za maandazi.

Hukutaka kutuma kwa posta. Ulisema posta haijui kurudi na maneno. Ulimpa Mama Salma mkononi, jirani yetu, aliyekuwa akienda Moshi kuchukua vitenge na mchele. Akirudi ulimwandalia chai na maandazi ya moto, yeye anafungua fundo la khanga na kukupa stakabadhi, nawe unaiweka chini ya kitambaa cha meza bila kuitazama. Ulichokuwa unasubiri ni kingine. Ulikuwa unamuuliza, "Wamesemaje?"

Naye anakwambia yule bwana wa dirishani, kwenye ofisi ya mfuko, anakusalimu sana, anauliza kama hujafa kwa baridi ya Thika, anasema kwenu Upareni mvua zimekubali na mpunga wa mashamba ya Ndungu umesimama. Wiki nzima utawasimulia wanunuzi wa maandazi salamu hizo, hata wasiojua Upare uko upande gani wa dunia.

Mimi niliuchukia mchango ule. Wewe unajua huku uzee ni ploti, kiwanja chako mwenyewe. Mtu haulizwi ana akiba gani, anaulizwa ploti yake iko wapi. Wenzangu wa chama chetu cha kuweka akiba walinunua Kimbo wakati bado fisi wanalia, na leo wanapokea kodi. Nilikusihi tuunganishe nguvu, ukakataa. Baba alikuwa ameshafariki, na ingawa alisilimu ili akuoe, ndugu zake walimzika Mugutha kwa taratibu zao nawe ukanyamaza. Nilitaka angalau tuwe na mahali petu. Siku moja Tata Wambui akaniuliza, bila ubaya, "Huyu mama yako analipia uzee huko, na ako na mtoto mmoja tu, na huyo mtoto ako hapa?"

Swali hilo nililibeba mpaka Thika nikakutupia mezani. Ukacheka. Ukasema Mpare hasamehi haki yake. Akidaiwa kuku atauza mbuzi apate nauli ya kwenda mahakamani, na wewe si Mpare wa kuokota. Halafu ukasema lile neno lako la siku zote, kwamba Thika umepita tu. Sikucheka nawe. Nilimwona mama anayefunga mizigo polepole, mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho yangu.

Tangu siku ile nilikuwa nakuja Jumapili na mdomo mrefu. Ulinipakulia, nikala, tukaongea habari za bei ya unga.

Kisha presha ikakuangusha asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri ulikuwa umekwenda. Wanawake wa Majengo walikuosha. Tata Wambui alikuja kutoka Mugutha na sufuria ya githeri, akajifunga kitambaa cha kichwa kama wenzake na kukaa mkekani nao, hata sala alijaribu kuitikia. Baada ya alasiri ulizikwa pale makaburi ya Waislamu Thika. Hakuna aliyeuliza kama usubirishwe. Maiti hasubirishwi, wewe mwenyewe ulinifundisha. Nilikuwa nimepiga simu kwenye lile duka la kwenu Same linalowapokelea watu habari, na Mjomba Shabani alipanda basi siku ile ile alipopata habari. Alifika siku ya tatu.

Laiti angenigombeza. Alikaa, akanywa chai, akasoma fatiha, kisha akaniangalia na macho yale kama yako. "Dada yangu kalipia uzee wake kwetu miaka yote hii," akasema. "Mbona mmemlaza kwa watu?"

Nikamwongezea chai. Asubuhi akaondoka. Na mimi, Mama, tangu siku hiyo sijafika kaburini kwako. Nimeshuka Thika mara nyingi nikanunua udi, nikatembea mpaka mahali barabara inapokatia makaburini, nikageuka. Niliona aibu. Baba ana watu wake pande zote kule Mugutha. Wewe nimekulaza katikati ya majina nisiyoyajua, mbali na milima yako, na mchango wako wote kule umeachwa kama chakula kilichopikwa na mwenyewe hakuja. Niliamini nimekuzika ugenini, na kila nilipokula peke yangu niliona nimestahili.

Juma lililopita Mama Salma alikuja hapa Kimbo. Nilikuwa nimemwomba, akipita Moshi, awaarifu watu wa mfuko kwamba umefariki. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kukataa chai. Unamjua, Mama Salma kukataa chai ni kama muadhini kukataa kuadhini. Nikajua kuna neno.

Akanieleza kwamba karani alitafuta jina lako akalipata, akashangaa. Akamuuliza mbona huyu mama hakuja kuanza kuchukua pensheni yake. Miaka yako ilikuwa imetimia, umri ulikuwa umetimia, tangu kabla ya zile mvua kubwa. Na ulikuwa umeambiwa. Mama Salma mwenyewe ndiye aliyetumwa akuambie. Ulitakiwa uende mwenyewe uweke sahihi, na baada ya hapo uwe unachukua pale pale dirishani mwezi kwa mwezi, maana yake uhamie.

Nikamuuliza kama alikuambia. Akasema alikuambia siku ile ile aliyorudi, ukiwa unakanda unga, nawe hukuacha kukanda. Ulimuuliza kama ni lazima iwe kule kule. Akasema ni lazima. Ukakanda. Kisha ukamwambia, "Na Jumapili Mariamu atakula na nani?"

Nimeirudia sentensi hiyo tangu alipoitamka. Nimeirudia dukani nikipima misumari, mpaka mteja akaniuliza kama nahesabu vibaya.

Ukamkataza asiniambie. Ulisema nikijua nitakufukuza uende, kwa kiburi tu, halafu nitalia. Kweli ningekufukuza. Kweli ningelia. Ukamwambia mchango aendelee kuupeleka kama kawaida. Mama Salma akakuuliza unalipia nini tena na umeshamaliza. Ukamjibu kwamba ukiacha kulipa, yeye atarudi na habari gani?

Hapo ndipo alipovunjika, maskini. Alijifunika uso na khanga akaniambia kwamba, ukiacha ule ujumbe mmoja wa pensheni, yule bwana wa dirishani hajawahi kusema kitu. Hakuwa hata bwana mmoja, walikuwa wakibadilishwa, na hakuna aliyekujua. Walikuwa wanagonga muhuri bila kuinua kichwa na kumwita anayefuata. Salamu zote alizitunga yeye, ndani ya basi, kuanzia Namanga mpaka Athi River. Habari za mvua alizipata kwa wauza vitunguu. Mara ya kwanza alisema "wanakusalimu" kwa adabu tu, kama mtu yeyote anavyosema, akaona uso wako ulivyofunguka, na akashindwa kurudi nyuma.

Nilimkasirikia. Kisha nikacheka, nikakumbuka ile salamu ndefu aliyokuletea mwaka fulani kuhusu bwana wa dirishani kumwozesha binti yake, na wewe ukataka kutuma khanga. Kisha tukalia wote wawili mpaka jirani akagonga.

Na wewe, Mama, nimekukasirikia zaidi. Ungesema. Miaka miwili nimekuja kwako nimenuna, nakuhesabu kama abiria, na wewe umeshauacha uzee wako wa kulipwa kwa ajili ya uso huo huo ulionuna, na unaniuliza kama niongezewe nazi. Ulitaka nijue lini? Nakwambia hili kwa heshima zote: ulikuwa na roho ngumu, na ninakupenda, na sikupata kukuambia hata kimoja kati ya hayo mawili.

Kuna jambo linanitatiza. Je, ulijua salamu zile ni za kutungwa? Mama Salma anaapa hukujua. Mimi nadhani ulijua. Ulikuwa mtu wa kukagua hata chenji ya kibiriti. Nadhani ulijua tangu zamani, na uliendelea kulipa kwa sababu mtu aliyekuwa akikaa kwenye basi siku nzima akikutungia maneno ya kwenu alikuwa ni salamu tosha. Sina hakika. Ni mawazo yangu tu, na nyumba hii ina nafasi kubwa ya mawazo.

Sasa nikuage, maana taa hii ya stima imeanza kucheza. Bosi amenipa ruhusa ya siku chache mwisho wa mwezi. Nitapanda basi na Mama Salma. Moshi nitaweka sahihi inapotakiwa kwenye karatasi za mfuko, lakini siendi kwa ajili hiyo. Naenda Same kwa Mjomba Shabani. Nitakaa kwenye mkeka wake, ninywe chai yake, na nimjibu lile swali aliloniachia. Nitamwambia ulivyouliza ukiwa unakanda unga. Akitaka kukasirika, akukasirikie wewe.

Lakini kwanza kesho jioni, nikitoka kazini, nitakuja hapo ulipo na udi wangu, na safari hii sitageukia njiani. Nakuahidi. Na kuna kitu kingine nakuahidi: sitakuomba tena msamaha kwa kukuzika Thika. Nauli ulikuwa nayo, miguu ulikuwa nayo, haki yako ilikuwa dirishani inakungoja. Hukwenda. Mimi nilikuzika kwako.

Mwanao,
Mariamu